Ami Alipotikisa Gari

Wiki iliyopita gurudumu la gari langu liliisha upepo karibu na Ukunda. Fundi wa pancha alipopiga magoti mchangani na kuanza kupandisha jeki, ikanijia harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa muda mrefu, harufu ya grisi kuukuu iliyochanganyika na mchanga wenye joto. Nikajikuta nimerudi nyuma mpaka nimeuegemea ukuta wa duka la watu. Fundi akanitazama, akatabasamu.

"Usiogope, mama. Gari haliumi."

Mimi nimekulia katika nyumba ambayo gari liliuma, na kwa miaka mingi nilikuwa sijui ni nani hasa aliyeumwa.

Nyumba yetu ilikuwa Msambweni, na nyuma yake palikuwa na banda la makuti ambalo baba aliliita gereji. Siku za kazi alikuwa dereva wa hoteli huko Diani, akivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama. Siku zake za mapumziko alivua shati hilo, akafunga kikoi kuukuu, akaingia bandani. Aliyatengeneza magari ya majirani na ya jamaa, na zaidi ya yote aliitengeneza pikapu yake mwenyewe, ambayo haikupata kupona kabisa. Likitengenezwa hili, linaharibika lile. Mama alikuwa akisema pikapu ile ni mke mwenza, tena mke mwenza mgonjwa.

Baba hakuwa mtu wa kupiga. Katika utoto wangu wote hakuninyanyulia mkono. Alichokuwa nacho ni ulimi, na ulimi ule aliutunza ukawa mkali kama alivyovitunza vyuma vyake. Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha hata kidogo, nalo ni kunyanyua gari. Alipokuwa kijana alimwona mwenzake akifa chini ya lori, na tangu siku hiyo alikuwa na kanuni zake. Tafuta ardhi ngumu, na kwa kuwa kwetu kote ni mchanga, weka ubao mnene chini ya jeki. Zuia kwa mawe magurudumu yatakayobaki chini, mbele na nyuma. Legeza nati gari likiwa bado limesimama kwa miguu yake. Nyanyua taratibu. Kisha weka magogo, magogo manene ya mvinje aliyoyachonga mwenyewe, chini ya chuma cha gari, kwa sababu, alikuwa akisema, jeki hunyanyua tu, haishikilii. Na mwisho kabisa, kabla mtu hajaingiza hata kidole, litikise gari.

"Likiwa lina nia ya kuanguka," alisema, "na lianguke wewe ukiwa nje."

Aliyeyajua hayo yote kuliko mtu yeyote alikuwa ami Bakari, mdogo wake baba, aliyekuja kukaa nasi kutoka Kikoneni baada ya bibi kufariki. Ami alikuwa mtu mzima, mwenye mabega mapana na mikono mitulivu, na alikuwa na kigugumizi. Si kigugumizi kile cha kurudia herufi na kupita. Chake kilikuwa cha kukwama. Neno lilifika mdomoni likasimama, na yeye akasimama nalo, macho yamefinyika, midomo imevutika huku na huku mpaka meno yote yanaonekana.

Jioni, majirani walipokuja kukaa barazani baada ya sala ya alasiri, baba alikuwa akimwita.

"Bakari, njoo uwafundishe watu. Gari hunyanyuliwaje?"

Ami alikuja, kwa sababu alikuwa mdogo na aliyemwita ni kaka yake, tena alikuwa akila chakula cha kaka yake. Alisimama mbele ya watu akaanza. "K-kwanza, u... u..."

"Ugali?" baba aliuliza kwa upole. "Ukoko? Uji?"

Watu walicheka. Ami alijaribu tena. Baba alilaza kichwa begani akajifanya anakoroma, kisha akazinduka, akamuuliza jirani, "Ameshafika kwenye ubao? Basi niamsheni kwenye magogo." Watu walijishika mbavu. Nami nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nikiutazama uso wa ami, ule uso uliovutika na meno yaliyo nje, nikadhani anacheka pamoja nasi. Niliamini kwamba mchezo ule ulikuwa wa watu wawili, baba na ami, wameutunga ili kutufurahisha, na kwamba ami ndiye aliyeupenda zaidi. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akiinuka na kuingia ndani. Siku moja nilimsikia akisema chumbani, "Mwonee huruma ndugu yako, baba Saumu." Baba akajibu, "Namfundisha. Dunia itamcheka zaidi yangu."

Lakini bandani mambo yalikuwa mengine. Kule maneno hayakuhitajika. Ami alipanga mawe, akalaza ubao, akanyanyua, akasukuma magogo mahali pake, kisha akaliegemea gari kwa mabega yake yale na kulitikisa, akalisikiliza, akampa baba ishara kwa kichwa. Baba hakuwa akiingia chini ya gari mpaka aione ishara ile. Hakupata kumshukuru kwa hilo, lakini bila ishara ile hakuingia.

Basi ikafika harusi ya binamu yetu huko Kikoneni. Baba alikuwa ameahidi kuwabeba kina mama wa mtaani kwa pikapu, na asubuhi hiyo walikuwa wameshajaa uani kwetu na leso zao mpya na masufuria yao, wakinukia udi na asumini. Bi Mwanasha, jirani yetu, alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati yao akiongoza vicheko. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Baba alipoiwasha pikapu na kuisogeza kutoka bandani, gurudumu moja la nyuma likawa limeshika breki, halizunguki, linakokota mchanga. Kina mama wakaguna.

"Fundi Omari," Bi Mwanasha akasema, "tutafika harusini au tutafika fungate?"

Baba alicheka na wengine, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Yeye ndiye aliyezoea kuchekesha watu, hakuzoea kuchekwa. Akaichukua jeki, akaiweka pale pale uani, juu ya mchanga uliolowa. Hakuweka ubao. Akanyanyua haraka haraka, akalitoa gurudumu, akalitupa kando, akalala chali ili ajivute chini ya pikapu autazame mpira wa breki.

Ami alikuwa akitoka bandani, gogo moja amelikumbatia kifuani. Alipoona, akaliacha gogo likaanguka, akaja mbio.

"K-kaka," akasema. "Ma... ma..."

Kama angekuwa mtu mwingine yeyote aliyesema, nadhani baba angetoka. Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote na hapo ndipo ninapofika kila mara. Lakini aliyemkumbusha alikuwa Bakari, mbele ya kina mama wote wale, tena akimkumbusha kanuni zake mwenyewe.

"Ma... ma..."

"Mama amekufa, Bakari," baba akasema kutoka chini. "Tumemzika Kikoneni. Hukuambiwa?"

Uani pakapasuka kicheko. Ami akazidi kujitahidi, uso wote umevutika, mkono mmoja ukimwonyesha jeki ambayo ilikuwa imeanza kuinama taratibu kama mtu anayesinzia. Neno likawa halitoki. Nami nikacheka, nikingoja baba aseme la kuchekesha zaidi. Ndipo pikapu ikashuka.

Haikupiga kelele nyingi. Ilikuwa sauti nzito na fupi, kama gunia la nazi kutupwa chini, kisha kimya, kisha sauti ya baba ambayo sikuijua kuwa ni ya baba. Kile chuma kirefu cha nyuma kinachoshika magurudumu kilikuwa kimemlalia paja. Kichwa na kifua vilikuwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki, kwa sababu gurudumu la upande wa pili lilikuwa bado limeishikilia pikapu. Kina mama wakapiga mayowe. Wanaume wawili wazee waliokuwa wakingoja njiani wakaja mbio, na wote kwa pamoja wakaikimbilia pikapu waishike kwa mikono wainyanyue.

Ami akasimama mbele yao. Alitandaza mikono akawazuia. Alikuwa na nguvu, nao hawakuweza kumpita. Leo najua alichokuwa akikiona. Pale uani pana mteremko kidogo, na pikapu haikuwa na jiwe hata moja gurudumuni. Wangeiinua kwa mikono ingebiringika, na ingebiringika kuelekea kifuani. Lakini siku ile hakuna aliyekiona, naye hakuweza kukisema. Aliwasukuma tu wazee wale, akawageuzia mgongo, akaenda kutafuta mawe.

Alienda, nasema. Hakukimbia. Akaleta mawe, akayakaza mbele na nyuma ya kila gurudumu lililobaki, moja baada ya jingine, akiyapiga kwa kisigino. Akaingia bandani akatoka na ubao, akakwangua mchanga uliolowa mpaka akafika kwenye mkavu, akaulaza, akaupima kwa kiganja. Baba alikuwa akipiga kelele, "Nitoe! Nitoe, bubu wewe! Unangoja nini?" Mama alimrukia ami mgongoni akimpiga kwa ngumi zote mbili, leso imemdondoka kichwani. Ami hakugeuka. Akaiweka jeki juu ya ubao, akapandisha kidogo, akaleta gogo, akapandisha kidogo tena, akaleta la pili. Pikapu ikamtoka baba pajani. Ilionekana nafasi, na wazee wakainama wamvute. Ami akawazuia tena kwa mkono. Akaliegemea gari kwa mabega yake, akalitikisa.

Baba alilia kama mtoto. Alidhani linamrudia.

Ami akangoja, akasikiliza. Kisha akaliegemea tena, akalitikisa mara nyingine. Ndipo akapiga magoti, akamshika kaka yake makwapani, akamtoa kwa utaratibu mkubwa, kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri. Uso wa ami ulikuwa umevutika, meno yote nje.

"Anacheka," Bi Mwanasha akasema. "Wallahi anacheka, mimi nimemwona kwa macho yangu."

Nami nilikuwa nimemwona vile vile. Nilikuwa mtoto, na sikujua kwamba mtu mzima naye aweza kukosea kuusoma uso aliouona kila siku.

Hospitalini walimkata baba mguu juu ya goti. Kwa wale waliokuwa uani, hesabu ilikuwa nyepesi. Mguu ulikuwa mzima asubuhi, ami akakawia, mguu ukafa. Kwamba chuma kile kiliuvunja mfupa mara moja kilipoanguka, hilo halikumpendeza mtu yeyote kulisema. Hakuna aliyemuuliza daktari, maana jibu walikuwa nalo tayari. Harusini Kikoneni habari ilifika kabla ya pilau kupakuliwa, na ilipofika ilikuwa imeshaota mikono. Bakari alimweka nduguye chini ya gari akamtazama. Bakari alicheka. Bakari alilipiza yale ya barazani. Watu wale wale waliokuwa wakijishika mbavu barazani ndio waliosema hivyo, na ndipo nilipoanza kushangaa, kwa sababu kama palikuwa na la kulipizwa, basi mchezo ule haukuwa mchezo.

Mimi nilipewa habari kwa lugha ya watoto. Mama aliniambia, "Mguu wa baba umebaki hospitali." Nikaelewa kama nilivyoambiwa. Vitu vya baba vilivyoharibika vilikuwa vikipelekwa kwa fundi, vikabaki huko, kisha vikarudi. Basi nikaungoja mguu. Baba aliporudi na magongo yake nikajua mguu unafuata nyuma. Idi ilipokaribia nikavitoa viatu vyake vyeusi vya kazini kutoka uvunguni, nikavisugua kwa rangi na kitambaa, vyote viwili, na kile cha kushoto nikakisugua zaidi, kwa sababu kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kuvaliwa na nilitaka mguu ukija ukikute kinang'aa.

Nikampelekea barazani. Alikuwa amekaa na majirani, na ami alikuwa uani akipasua kuni. Baba akavitazama viatu. Akakichukua cha kulia akakiweka chini. Kile cha kushoto akakigeuzageuza mkononi, akanirudishia.

"Hiki mpelekee ami yako," akasema kwa sauti ya kusikika. "Yeye ndiye mwenye mguu wangu."

Hakuna aliyecheka, ila mmoja alikohoa. Nikashuka uani nikampa ami kiatu, kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Ami akaweka shoka chini. Akakipokea. Akapangusa mikono yake kwenye kikoi kabla ya kukishika, asikichafue. Alifungua mdomo kuniambia neno, likakwama, akaacha. Kesho yake chumba chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amefagia. Nilimuuliza mama ameenda wapi, mama akasema, "Ramisi, kukata miwa," akaendelea kukuna nazi, na akakuna mpaka akajikuna kidole.

Jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi sikulitaja hata mimi. Nilisoma, nikaolewa, nikafundisha shule, nikajifunza kuendesha gari, na kila lilipotaka kutengenezwa nililiacha gereji nikaenda kungoja mbali. Hadi siku ile ya pancha. Fundi alipomaliza, badala ya kurudi nyumbani niliingia barabara ya kusini, nikashika njia ya Ramisi, nikiuliza watu, "Mnamjua Bakari, mwenye kigugumizi?" Walimjua. Wote walimtaja kwa upole.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake, mzee sasa, mabega yameshuka. Mkewe alinitengea mkeka, akaleta chai na mihogo ya kuchemsha, akatuacha.

"Shikamoo, ami."

"M-marahaba, Saumu." Alinijua.

Tulizungumza ya watoto na ya mvua. Kisha nikamuuliza, kwa sababu nilijua nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Ami, siku ile ulikawia makusudi?"

Alijaribu kujibu. Midomo ikavutika, macho yakafinyika, meno yakatoka. Kwa mara ya kwanza niliutazama uso ule nikijua ninachokitazama. Nikamngoja. Sikumsaidia kwa neno wala sikugeuza macho, na chai ikapoa.

"Mawe yalikuwa lazima," akasema, neno kwa neno, kwa shida. "Ubao lazima. Magogo. Kutikisa lazima." Akainua kidole kimoja. "Ku-kutikisa mara moja."

"Ulitikisa mara mbili."

"Ile ya p-pili," ami akasema, "ilikuwa yangu."

Hakuomba nimsamehe, nami sikuwa na msamaha wa kumpa wala lawama. Alinisindikiza mpaka garini. Akalizunguka, akainama akalitazama gurudumu lililotengenezwa, akazikaza nati zote upya kwa spana yangu.

Nilifika Msambweni kabla ya alasiri. Baba alikuwa barazani, magongo yameegemezwa ukutani. Mama alikuwa karibu naye akichambua mchele.

"Umetoka wapi na vumbi lote hilo?" baba akauliza.

"Ramisi. Kwa ami Bakari."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Baba aliitazama njia kwa muda. Kisha nikauona ule mnyanyuko wa nyusi niliokuwa nikiujua tangu utotoni.

"Ehe," akasema. "Bado hajalimaliza lile neno?"

Alicheka. Alicheka peke yake, na kwa kuwa hakuna aliyemsaidia, kicheko kikaisha.

"Amelimaliza, baba."

"Akasemaje?"

Ningeweza kusema amekusalimu. Mama alikuwa akinitazama kwa macho ya kuniomba hivyo. Lakini mimi ni mtoto wa nyumba ile. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, ya kwanza na ya pili.

Nilingoja atukane. Baba aliinamisha kichwa, akaushika mguu wa suruali uliokunjwa, akaunyoosha vizuri pajani.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa chini."

Baada ya muda akaongeza, si kwangu wala kwa mama, "Ningekuwa yeye, ningelitikisa mpaka adhuhuri."

Kisha akamwomba mama maji ya kutawadha, akayachukua magongo yake, akaingia ndani.